Bwana Shamba Anajibu: Tawi Lisilofanana na Mti Wake

Barua za mwezi huu ni za michungwa mitupu, na si ajabu, maana msimu umefika na kila gari ya ng'ombe inayotoka Ndijani na Machui imesheheni mapolo. Nimechagua tatu zinazohusiana. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko ilivyo desturi ya safu hii, kwa sababu jambo lake halitokei kila siku.

SWALI

Bwana Shamba, asalaam alaykum. Mimi ni mama wa Ndijani, Wilaya ya Kati, Unguja. Marehemu baba alituachia michungwa ya kubebeshwa aliyoipanda mwenyewe. Mmoja, ulio karibu na kisima, una tawi moja la juu ambalo kwa misimu mitatu sasa linazaa machungwa ya namna yake. Ganda lake ni jembamba, ndani hamna mbegu au imo moja tu, na yanawahi kuiva kabla ya wenzake kwa kiasi cha wiki tatu. Matawi mengine ya mti huohuo yanazaa kama zamani, chungwa la mbegu kumi na zaidi. Jirani anasema ni kwa sababu ya mndimu ulio karibu, kwamba damu zimechanganyika. Mzee mmoja amesema mti umeingiwa, tusiyale. Kaka yangu anataka kulikata tawi kwa kuwa linazaa kidogo kuliko mengine. Je, haya ni maradhi? Na kama si maradhi, nitapataje miche yake ikiwa mbegu hazimo?

JIBU

Waalaykum salaam, dada yangu. Kwanza mwambie kaka aweke panga chini.

Ulivyolieleza tawi hilo, inaelekea sana kwamba limepata badiliko la asili la vinasaba. Mti hukua kwa macho yake, yale machipukizi madogo yanayotoa matawi, na ndani ya kila jicho mna ncha laini yenye seli chache zinazogawanyika bila kupumzika. Kila seli inapogawanyika hunakili maelekezo yote ya mti, namna ya kutengeneza jani, ganda, maji ya tunda na mbegu. Kunakili huko hufanywa kwa usahihi wa kushangaza, lakini si kamili. Ni kama mwanafunzi wa skuli anayenakili kutoka ubaoni akaruka neno moja. Akiwa amekaa peke yake, kosa linabaki katika daftari lake, lakini akiwa amekaa mbele na wenzake wa nyuma wanaangalizia kwake, safu nzima itakuwa na kosa lilelile. Seli iliyokosea ikiwa kwenye jani, jani litaanguka nayo na hakuna atakayejua. Ikiwa kwenye ncha ya jicho, tawi zima litakalochipuka hapo litalirithi kosa hilo, na vijitawi vyake vyote pia. Makosa mengi hayana athari au yana madhara. Moja moja, baada ya miaka mingi na miti mingi, hutoa kitu ambacho mlaji anakitaka.

Kuhusu mndimu, jirani hajasema jambo la kipuuzi, lakini amekosea. Nyuki wanapoleta chavua ya mndimu kwenye ua la mchungwa, kinachoathirika ni mbegu, kwa sababu mbegu ndiyo mtoto wa wazazi wawili. Ganda na nyama ya chungwa ni mwili wa mama. Mchungwa uliochavushwa na mndimu hutoa chungwa, wala si chungwa-ndimu. Tena nyuki wanaotembelea tawi lako ndio haohao wanaotembelea matawi mengine ya mti huo. Ingekuwa ukosefu wa mbegu umetokana na chavua, mti mzima ungekosa mbegu. Tawi moja likikosa peke yake, sababu imo ndani ya tawi lenyewe.

Na mzee wetu umwambie kwa heshima zote kwamba machungwa ya namna hiyo dunia imekuwa ikiyala kwa zaidi ya miaka 150. Huko Bahia, Brazil, mwanzoni mwa karne ya 19, mchungwa wa kawaida ulitoa tawi lililozaa machungwa makubwa, matamu, yasiyo na mbegu, yenye kitunda kidogo cha pili kilichojificha chini kama kitovu cha mtoto. Mwaka 1870 miche iliyobebeshwa, yaani iliyopachikwa macho ya mti huo, ilipelekwa Washington, Marekani, kwa ofisa wa kilimo aliyeitwa William Saunders. Mwaka 1873 mama mmoja wa Riverside, California, Eliza Tibbets, akapelekewa miche michache. Wanasimulia kuwa aliinyweshea maji aliyooshea vyombo, na mimi hupenda kuiamini simulizi hiyo kwa kuwa ndivyo mama zetu walivyokuza mipapai nyuma ya jiko. Mti mmoja katika hiyo bado umesimama Riverside, umezungushiwa uzio. Kwa kuwa chungwa hilo halina mbegu, kila mchungwa wa kitovu wa aina ya Washington uliopo duniani ni kipande cha tawi lile la Bahia, kilichohamishwa jicho kwa jicho kutoka mti mmoja hadi mwingine.

Kisha kosa huzaa kosa. Mwaka 1976, katika shamba la Cara Cara huko Venezuela, mchungwa wa Washington wenye kitovu ulitoa tawi lenye machungwa ambayo nyama yake ni ya rangi ya waridi. Leo yanauzwa kwa jina la shamba hilo. Hali ni hiyohiyo kwa chungwa la Jaffa ambalo wazee wengi wanalijua. Lilitokana na tawi la mchungwa wa kienyeji wa Palestina katikati ya karne ya 19. Sehemu kubwa ya majina ya machungwa na mabalungi unayoyasikia hayakubuniwa na mtaalamu yeyote. Yaliokotwa na mtu aliyetazama juu ya mti wake akaona tawi halifanani na wenzake.

Sasa, kabla hujaanza kushangilia, nina maswali matatu ya kukuuliza, na ujibu kwa kwenda kutazama, usijibu kwa kukumbuka.

La kwanza, tawi hilo limetokea juu au chini ya ungio, pale baba alipobebeshea? Michungwa yetu mara nyingi hubebeshwa juu ya mlimau, na mlimau ukichipua kutoka chini utakupa tawi geni kabisa, lenye miba mirefu na matunda machachu. Umesema ni tawi la juu, basi sidhani kuwa ni hilo, lakini lifuate kwa kidole mpaka lilipotokea.

La pili, je, tawi hilo ndilo lililofungwa kamba ya kuanikia nguo, au bembea ya watoto? Usicheke. Kamba iliyokaa miaka huliuma ganda, na ganda likishaumwa, sukari inayotengenezwa na majani hushindwa kuteremka kwenda mizizini, hubaki juu katika tawi. Matunda yake huwa matamu zaidi na huenda yakawahi kuiva. Nimewahi kuitwa Dunga kuangalia "aina mpya" nikakuta waya wa redio umezama ndani ya ganda kwa urefu wa kucha. Hata hivyo kamba haiondoi mbegu kumi katika chungwa, ndiyo maana shauri lako nimelichukua kwa uzito.

La tatu, majani ya tawi hilo ni mazima? Majani yakiwa na mabaka ya manjano, na matunda yakiwa madogo yaliyopinda upande mmoja, hayo ni maradhi, na hapo hata mimi nitasema likatwe.

Ukiridhika na yote matatu, chukua rangi uchore pete kuzunguka tawi (rangi, si kamba!), kisha chuma machungwa kumi ya tawi hilo na kumi ya upande wa pili wa mti, uyakate yote, uhesabu mbegu, uonje, na uandike katika daftari pamoja na tarehe. Fanya hivyo mara mbili tatu katika msimu huu na msimu ujao. Misimu mitatu uliyoiona kwa macho ni dalili nzuri, lakini haikuandikwa, na kumbukumbu ya mtu anayekipenda kitu humpendelea.

Miche utaipata kwa kubebesha. Subiri mvua za masika, wakati ganda la mche linapoachia kwa urahisi. Tafuta vijitawi vya unene wa penseli, vilivyokwisha kuwa vya mviringo, kwa sababu kijitawi kichanga cha mchungwa huwa na pembe pembe na macho yake hayajakomaa. Kata majani ubakishe vikonyo vyake, uvifunge katika kitambaa kibichi, na ubebeshe siku hiyohiyo kwa mkato wa umbo la herufi T juu ya miche ya mlimau, kisha ulifunge jicho kwa nailoni. Baada ya wiki tatu hivi fungua nailoni. Jicho likiwa bado la kijani, limeshika.

Hapa kwenye kuchagua macho ndipo penye mtego, na mimi niliwahi kunaswa. Nilipokuwa kijana kazini nilionyeshwa Pemba mchenza wenye tawi lisilo na mbegu. Nilichukua macho ishirini kwa haraka kutoka sehemu ya chini ya tawi, nikabebesha, nikagawa miche kwa majivuno. Miaka minne baadaye mitano ndiyo iliyozaa machenza bila mbegu, na iliyobaki yote ilizaa kama bibi yake. Niliwakwepa wenye miche hiyo kwa muda mrefu sana.

Sababu ni kwamba badiliko huanzia katika seli moja, na ncha ya jicho imejengwa kwa tabaka za seli zilizolaliana. Badiliko laweza kulishika tabaka moja likaliacha jingine, au kushika upande mmoja wa tawi tu. Kijana mmoja anayemenya machungwa pale Darajani aliwahi kunionyesha jambo hili bila kujua jina lake. Aliniwekea chungwa bichi kidogo, la kijani kama yalivyo machungwa yetu, lenye mchirizi mmoja wa manjano, mlaini, upana wa kidole, ulionyooka kutoka kwenye kikonyo hadi chini kana kwamba umepigwa rula. Akasema kisu kikifika hapo huteleza, kwa kuwa ganda ni jembamba. Mtu anayemenya mamia kwa siku huyaona mambo ambayo mwenye shamba hayaoni. Chungwa lile lilikuwa na seli za aina mbili bega kwa bega.

Kwa hiyo usichukue jicho popote. Chukua kutoka katika kijitawi ambacho chenyewe kimezaa machungwa yasiyo na mbegu, uliyoyakata ukayaona. Bebesha miche isiyopungua kumi, kila mmoja uupe namba. Itazaa baada ya miaka mitatu au minne. Itakayorudi kwenye mbegu iache, na ile iliyoshika tabia chukua macho yake ubebeshe tena. Kizazi cha pili kikishika, hapo una aina mpya ya mchungwa, nawe nenda nayo kwa watafiti wa kilimo pale Kizimbani uwaonyeshe daftari lako. Na kama tawi linazaa kidogo, kaka ana haki ya kulalamika. Machungwa yasiyo na mbegu mara nyingi huzaa haba, na huenda hesabu ya mwisho ikawa upande wake. Lakini hesabu hiyo haiwezi kufanywa juu ya kuni.

SWALI

Nilipanda mbegu za furungu moja tamu sana nililopewa na shangazi. Miti minne imezaa, na hakuna hata mmoja unaofanana na mwingine, mmoja ni mchungu hauliki. Lakini michungwa niliyoipanda kwa mbegu miaka hiyohiyo inafanana yote na mama yake. Je, furungu langu limepata mabadiliko haya ya vinasaba mnayoyazungumzia? — Msomaji, Wete, Pemba.

JIBU

Hapana. Hayo ni mambo mawili tofauti, ingawa kwa mbali yanafanana.

Furungu, lile kubwa lenye ganda nene, lina kiinitete (mche mchanga uliomo ndani ya mbegu) kimoja tu katika kila mbegu, nacho ni mtoto halisi wa baba na mama. Baba huyo ni chavua iliyoletwa na nyuki kutoka mahali usipopajua. Kama watoto wa nyumba moja wasivyofanana, ndivyo na miti yako minne. Mbegu ya chungwa ina tabia ya ajabu. Pembeni mwa kiinitete cha baba na mama huota viinitete vingine kutoka katika mwili wa mama mtupu, bila baba, na kwa kawaida hivyo ndivyo vinavyomshinda nguvu yule mtoto halisi. Ukipanda mbegu moja ya chungwa ukaona imetoa miche miwili au mitatu, ndiyo hiyo. Unachodhani umekipanda kwa mbegu ni nakala ya mama, karibu sawa na aliyebebeshwa, ila utangoja miaka mingi zaidi na utachomwa na miba.

Ajabu ni kwamba chungwa lenyewe asili yake ni mchanganyiko wa jamii ya furungu na jamii ya chenza, uliotokea Asia zamani sana. Tabia ya kujinakili katika mbegu limeirithi upande wa chenza. Baadaye chungwa na furungu wakakutana tena visiwani Karibi, Barbados, katika karne ya 18, likatoka balungi. Kwa hiyo kuchanganyika kwa jamii ndiko kulikoanzisha matunda haya, na makosa ya matawi ndiyo yaliyoyagawa katika aina nyingi tunazozijua. Ndiyo sababu michungwa miwili yenye majina tofauti, yenye misimu tofauti na rangi tofauti, huwa karibu sawasawa katika vinasaba vyake.

Mti wako mtamu wa furungu, kama upo hata mmoja, uzidishe kwa kubebesha. Ule mchungu ukate, au ubebeshe juu yake.

SWALI

Mwanangu anayefanya kazi Dubai ameniletea mabalungi ambayo ndani ni mekundu, na anasema yako pia machungwa mekundu kama damu. Rafiki yangu ameniambia yamepigwa mionzi na hayafai kuliwa. Nini ukweli wake? Na yanaweza kuota hapa kwetu? — Mstaafu, Mjini Unguja.

JIBU

Mzee wangu, rafiki yako ana nusu ya habari.

Wekundu wa balungi ulianza wenyewe. Mwaka 1913, Florida, tawi moja la balungi jeupe lilizaa mabalungi ya rangi ya waridi. Mwaka 1929, McAllen, Texas, mti wa balungi hilo la waridi ukatoa matunda mekundu zaidi, yakaitwa Ruby, na yakasajiliwa rasmi mwaka 1934. Mionzi ilikuja baadaye. Wataalamu walichoka kusubiri makosa ya asili, wakapitisha mbegu na macho katika mionzi ili makosa yawe mengi, kisha wakapanda na kuchagua. Balungi la Star Ruby, lililotolewa mwaka 1970, lilipatikana kwa mbegu zilizopigwa mionzi mwaka 1959. Rio Red lilifuata mwaka 1984. Kilichopigwa ni mbegu au jicho la mwanzo kabisa. Mti uliozaliwa hapo hauna mionzi, wala tunda ulilolila halina. Isitoshe, wewe ni mtu wa umri wa kukumbuka mbung'o walivyotoweka Unguja miaka ya 1990. Walimalizwa kwa kurushwa kwa ndege madume yaliyohasiwa kwa mionzi. Na mpunga wa SUPA BC unaolimwa katika mabonde yetu ulipatikana kwa njia hiyohiyo ya kupiga mbegu mionzi. Mionzi hatukuanza kuifahamu leo.

Kuota ni suala jingine, na hapa balungi na chungwa wanaachana njia. Wekundu wa balungi ni ule ule wa tungule, na hupenda joto, kwa hiyo lingefaa hapa. Wekundu wa chungwa la damu ni wa jamii ya choya. Mwaka 2012 watafiti wa John Innes Centre, Uingereza, walionyesha unakotoka. Kipande cha vinasaba chenye tabia ya kuhamahama kilijipachika kando ya jeni inayotengeneza rangi hiyo, kikawa kama swichi, na kinachoiwasha swichi ni baridi. Sicily, chini ya mlima Etna, mchana huwa na jua na usiku huwa wa baridi kali, basi machungwa yake huwa mekundu. Kipupwe chetu, hata tukijifunika mablanketi na kulalamika, usiku wake ni wa nyuzi 20 na kitu. Joto hilohilo la usiku ndilo linaloyafanya machungwa yetu yaive yakiwa bado ya kijani kwa nje. Ukiupanda mchungwa wa damu Fuoni utaota, utazaa, na utakula chungwa la kawaida.

La balungi jekundu, litafute kwa njia ya kibali na ukaguzi wa mimea. Umwambie mwanao asithubutu kuficha kijiti cha mti ndani ya sanduku la nguo, kwa kuwa jicho lililo zima kwa kutazama laweza kubeba virusi. Kirusi cha tristeza, kinachosafiri ndani ya macho na kusambazwa na vidukari, kiliua mamilioni ya michungwa iliyobebeshwa juu ya mdanzi huko Brazil na Argentina, na hakuna aliyekiona kikiingia.